Herufi Sita, ya Nne ni A: Mikunde, Kamusi na Chemshabongo katika Nchi ya Meru



Nimeandika ubaoni kidokezo kimoja cha chemshabongo: "Mbegu ya jamii ya mikunde, huliwa ikiwa imepikwa." Visanduku ni sita. Neno linalokatiza kutoka juu limekwisha kujazwa, nalo limetupa herufi ya nne, ambayo ni A. Naomba jibu.

Nimesikia huku mbele mkisema harage. Pale dirishani wamesema mbaazi. Na mama yangu kule nyuma, bila kuinua sauti, amesema ngwara. Basi tuhesabu. H-A-R-A-G-E, sita, ya nne A. M-B-A-A-Z-I, sita, ya nne A. N-G-W-A-R-A, sita, ya nne A. Wote watatu mmepata, na kwa sababu hiyo kidokezo changu kimekosa. Neno lenye kazi ya kumfikisha mtu kwenye jibu moja limemwacha njia panda, na njia zote tatu zinafika.

Maneno yale ya ubaoni ndiyo namna tuliyozoea kufasili mimea katika Kiswahili. Fungua kamusi utakayo, tafuta mmea usiokuwa wa chakula cha kila siku, na mara nyingi utakutana na "aina ya mti", "mmea utambaao", "mbegu zifananazo na kunde". Sitasoma kamusi yoyote kwa jina hapa, kwa kuwa waliozitunga walifanya kazi kubwa kwa watu wachache na fedha kidogo, na tunawadai shukrani. Lakini nasema wazi kwamba fasili inayowafaa watatu haijamfasili hata mmoja. Na chemshabongo, mchezo huu tunaouona wa kupitishia muda kwenye foleni ya benki, ndiyo mizani iliyo bora ninayoijua ya kuipima fasili. Itie kwenye visanduku. Ikirudisha majibu matatu, irudishe kwa mwandishi.

Mchezo wenyewe ulizaliwa mbali. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, aliuchapisha kwa mara ya kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Umbo lake lilikuwa la almasi, si mraba tuliouzoea. Baada ya hapo ulienea duniani, ukafika kwetu, ukakaa ukurasa mmoja na vibonzo. Historia yake haina mengi zaidi ya kutuhusu leo. Linalotuhusu ni kwamba lugha yetu inaufanya mchezo huu kuwa mgumu kwa mtunzi kwa namna ya pekee. Katika Kiingereza mtunzi husaidiwa na herufi adimu. Akikatiza neno kwenye Z au kwenye Q, majibu mengi hufa pale pale. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, konsonanti na irabu hupokezana, na A imetapakaa kila mahali. Chukueni kunde na dengu: herufi tano kila moja, na katikati N kila moja. Chukueni karanga na haragwe: herufi saba kila moja, na ya pili, ya tatu na ya nne ni zile zile, A-R-A. Herufi za kukatiza zinatupa msaada mdogo. Mzigo wote unakiangukia kidokezo, maana yake unaiangukia fasili.

Sasa tujiulize kwa nini fasili zetu za mimea zimelegea, na kwa nini zimelegea zaidi huku milimani kuliko pwani. Naamini sababu ni ya kihistoria. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi uliofikiwa Mombasa mwaka 1928. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kazi, na mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Frederick Johnson, iliyojengwa juu ya kazi ya Madan aliyekuwa Zanzibar. Mwaka huo huo, Paris, lilianza kutoka kamusi kubwa la Padri Charles Sacleux, aliyeishi Bagamoyo na Zanzibar, akachuma mimea kwa mikono yake na kuipeleka katika makumbusho ya Ufaransa. Wote hawa walisikiliza pwani. Ndiyo maana Kiswahili cha kamusi kinajua mikoko kwa undani: mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, kila mmoja na matumizi yake, huu wa boriti, ule wa gome la kutia rangi. Ndiyo maana kinajua umri wa nazi hatua kwa hatua, kidaka, kitale, dafu, koroma, hadi nazi yenyewe. Mtunzi wa chemshabongo akiandika "Limepita kitale, halijafika koroma", herufi nne, jibu ni moja tu, dafu, na hakuna ubishi kutoka Lamu hadi Kilwa.

Panda nami sasa kutoka Tengeru, chini ya Mlima Meru, kwenda juu, upande wa msitu. Utauona mringaringa, mti mkubwa wa kivuli cha kahawa, maua meupe yanayovuta nyuki, mbao zake fundi seremala anazililia. Utauona mruka. Utaliona isale kwenye mpaka wa kihamba (shamba la nyumbani), mmea ambao jirani akikuletea jani lake amekuja kuomba msamaha, na kumkatalia ni jambo zito. Majina haya ni ya Kichaga, ya Kimeru, mengine ya Kimaasai, yameingia katika Kiswahili cha watu wa huku kwa mlango wa nyuma na hayana fasili ya kuwatosha. Jani linalosuluhisha ugomvi wa mpaka likiandikwa "aina ya mmea wa bustani", msomaji wa Mtwara hatajua kabisa kwa nini jirani amelileta mlangoni.

Yupo mmoja aliyejaribu kulishika jambo hili kwa upande wa sayansi. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, kila jina na jina lake la kisayansi. Kitabu hicho kilikuwa msaada mkubwa, na bado ni msaada. Lakini jina la kisayansi humsaidia mwenye jina la kisayansi. Mwanafunzi wa darasa la sita pale Usa River akiambiwa kwamba ngwara ni Lablab purpureus amepewa fumbo juu ya fumbo. Na hata majina hayo hayakai mahali pamoja. Linnaeus aliuita mmea huo Dolichos lablab mwaka 1753, na jina tunalotumia leo lilipangwa na mtaalamu mwingine wa mimea, Sweet, mwaka 1826.

Tukae na ngwara kidogo, kwa sababu ndiyo mkunde wetu.

Nimekuja na kiganja kimoja cha mbegu zake, naomba zipitishwe mkono kwa mkono. Angalieni mbegu moja moja. Ni ya mviringo uliobanwa ubavuni. Hizi ni nyeusi. Zipo pia za kahawia na za rangi ya maziwa. Igeuzeni mpaka muone ukingo wake. Pale pana mstari mweupe ulioinuka juu ya ganda, unaweza kuusikia kwa ukucha, nao umechukua karibu theluthi ya ukingo wote. Harage halina mstari huo. Lina kovu dogo pale liliposhikamana na ganda lake. Kunde ina jicho, doa jeusi au la kahawia linalozunguka kovu. Choroko ni ndogo, ya kijani, na kovu lake ni jeupe dogo mno. Nifumbe macho, nipe mbegu hizi nne, kisha nifumbue: hakuna hata moja nitakayoikosea jina. Alama hizo ndizo fasili, na hazihitaji Kilatini.

Mmea wa ngwara nao una tabia zake. Hutambaa, hupanda juu ya mabua ya mahindi, hutoa maua ya zambarau au meupe yenye harufu nzuri. Mizizi yake huenda chini sana, kwa hiyo hustahimili ukame, na mahindi yakishavunwa ngwara yenyewe bado ni ya kijani. Mifugo huila. Kama mikunde mingine, mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani na kuilisha ardhi. Ndiyo maana wakulima wa tambarare za chini ya Meru, wa Karatu na wa Babati wanaichanganya na mahindi. Jikoni inataka subira, kwa maana ganda lake ni gumu, na wengi humwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu.

Kisha inavuka Namanga. Upande wa pili wa mpaka jina lake ni njahi, na katika nyumba za Wakikuyu ni chakula cha heshima, hasa kwa mama aliyejifungua. Mbegu ni ile ile, gunia ni lile lile, mstari mweupe ni ule ule. Mpaka huo huo una mtego mwingine. Mfanyabiashara wa Nairobi akikuagiza ndengu anataka mbegu ndogo za kijani ambazo Arusha tunaziita choroko. Sisi tukisema dengu tuna maana ya mbegu nyingine kabisa, ya rangi ya udongo, yenye pembe na mdomo uliochongoka, ambayo ganda lake hubeba moja au mbili tu, na mmea wake una vinyweleo vinavyotoa majimaji machachu ukiushika. Herufi moja ya N mwanzoni inaweza kupeleka lori zima mahali pasipo na mnunuzi. Mwandishi wa kamusi anayeandika "dengu: mbegu za jamii ya mikunde" na kuishia hapo amemwacha dereva wa lori hilo bila msaada.

Neno gumu kuliko yote katika ukoo huu ni fiwi. Wapo wanaolitumia kwa haragwe bapa, pana, ambalo mbegu yake ina mistari inayotoka kwenye kovu na kutawanyika hadi ukingoni. Baadhi ya aina zake zina sumu ya sayanaidi, na sumu hiyo huondoka kwa kuloweka na kuchemsha vizuri. Wapo pia wanaoita fiwi hii hii ngwara mnayoipitisha mkononi. Fasili ikishindwa kuwatenganisha hawa wawili, kosa lake haliishii kwenye karatasi. Linafika kwenye sufuria. Mimi nashauri kidokezo cha fiwi kitaje mistari ile, na cha ngwara kitaje ukingo mweupe. Sina haja mtu akubaliane nami juu ya jina. Nina haja aangalie mbegu.

Haragwe bapa hilo ndilo watu wa Ulaya na Marekani huliita lima, kwa jina la mji mkuu wa Peru, kwa sababu asili yake ni Amerika, kama ilivyo asili ya maharage yetu yote. Maharage tunayoyaona kuwa ya babu zetu yalitoka Amerika ya Kati na milima ya Andes, yakaletwa pwani yetu kwa njia ya Wareno, kisha yakapanda bara. Mbaazi na choroko zilitoka India. Kunde na njugumawe ni za Afrika tangu mwanzo. Nimelitaja lima kwa sababu linatupa kidokezo ambacho Kiswahili peke yake kinaweza kukitoa: "Mji mkuu wa Peru, amri kwa mwenye jembe." Herufi nne.

Naomba nikae hapa, kwenye ufundi wenyewe, kwa maana ndipo lugha yetu inapong'ara. Tuna hazina ya maneno ya shambani yenye maana mbili na tatu, na mtunzi asiyeitumia anajinyima. Sikilizeni: "Mbegu hufanya hivi ardhini, mzee hufanya hivi juani, mwenye usingizi hufanya hivi kitandani." Herufi tatu. Ni ota. Mbegu huota, mzee huota jua, na aliyelala huota ndoto. "Mkulima huifanyia mbegu, mharage huufanyia mti." Herufi tano: panda. "Hutangulia tunda, huzunguka nyumba." Mbili: ua. "Punje ikivuliwa huachwa, maziwa yakifanya hivi yamekuwa mtindi." Tano: ganda. Na hiki ninachokipenda kuliko vyote, "Maji yake hutaja rangi ya mtu", herufi tano, na jibu ni kunde, kwa kuwa mtu asiye mweusi sana wala mweupe tunamwita wa maji ya kunde. Anayejua lugha atacheka na kuandika. Anayejifunza lugha ataondoka na kitu ambacho fasili ya kawaida isingempa.

Wazee wetu walikuwa na kazi hii kabla ya New York. Anayetega "Kuku wangu katagia mwibani" na kungoja mtu ajibu nanasi ametoa kidokezo kamili: umbo, mahali, na kikwazo cha kufikia. Tofauti ni kwamba kitendawili hakina visanduku. Jibu lake linalindwa na jamii inayolijua. Chemshabongo inamwendea mtu aliye peke yake, pengine yuko Muscat au Minneapolis, hana bibi wa kumuuliza. Huyo anahitaji kidokezo kinachojisimamia.

Kwa watunzi vijana nina siri moja ya sarufi. Kiswahili hujifichua kwa viambishi. Ukiandika "Unapandwa", umekwisha kusema kwamba jibu ni mmea wa ngeli yenye kiambishi u-. Ukiandika "Linapikwa", umekwisha kuitoa kunde na mbaazi nje ya mchezo. Lakini hu- ya mazoea haina ngeli. "Hupandwa", "huliwa", "hutambaa" havimfichui mtu. Mtunzi anayetaka kuficha atumie hu-. Anayetaka kusaidia atumie kiambishi cha ngeli yake. Wote wawili lazima wajue wanachofanya, kwa sababu upatanisho wa kisarufi ukiwa si sahihi, kidokezo kimedanganya, na kudanganya hakuruhusiwi.

Mfano wa jinsi ngeli inavyobeba maana tunao katika methali ya mbaazi: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Tazameni ule u- wa ukikosa. Haikusemwa zikikosa, wala ikikosa. Mbaazi unaosingizia jua ni mmea. Mbaazi zinazopikwa ni mbegu. Neno moja, ngeli mbili, na kamusi nzuri lazima iwe na vidahizo viwili. Kwa hiyo "Ukikosa maua husingizia jua" ni kidokezo salama kabisa cha herufi sita.

Na kwa kuwa ninasimama mbele ya mabwana shamba, niseme neno la kuutetea mmea huu. Mbaazi huhisi urefu wa mchana na joto la hewa. Aina za asili zinazochelewa kukomaa hungoja hali ya ubaridi ndipo zichanue, na joto likizidi huchelewesha maua. Aliyetunga methali alikuwa akimsema mtu mwenye visingizio, nami sina ugomvi naye, lakini alikuwa pia ameuangalia mmea kwa makini kuliko anavyosifiwa. Fasili ya mbaazi inapaswa kusema hayo: kwamba ni kichaka chenye shina gumu, hurefuka kumpita mtu, maua yake ni ya njano, huweza kukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja, na mabua yake ni kuni. Mama wa Babati anayepika kwa mabua hayo anajua kwamba mmea alioupanda ni chakula na moto kwa pamoja. Huyo huyo anakumbuka mwaka 2017, India ilipowekea mipaka uagizaji wa mbaazi na bei ikaporomoka huku kwetu, kwa sababu zao lenyewe tulikuwa tunalilima zaidi kwa soko la India kuliko kwa sahani zetu. Watu wa mwambao wanajua kuzipika kwa nazi na kuzila na mahamri asubuhi. Huku bara mapishi hayo hatujayashika vya kutosha, nami naona ni hasara.

Nije kwenye maharage, maana najua ndiyo yaliyowaleta wengi.

Jambo la kwanza ni tahajia. Vitabu vya shule huandika maharagwe. Katika Soko la Kilombero hapa Arusha, kipande cha boksi kilichochomekwa juu ya gunia huandikwa maharage. Msomaji wa makala atapita bila kujali. Mtu mwenye kalamu na visanduku hawezi kupita: ni vinane au ni tisa? Mimi huandika maharage na kuhesabu nane, kwa kuwa ndivyo ninavyosema na ndivyo inavyosemwa na watu wanaoyalima, lakini namheshimu mwenye tisa na ninapotunga huandika pembeni ni umbo gani linatakiwa.

Jambo la pili ni majina ya aina. Kuna majina yaliyotoka sokoni na majina yaliyotoka kituoni. Ya sokoni yanaangalia mbegu au yalikotoka: njano, gololi kwa yale ya mviringo, kablanketi linalopendwa sana Nyanda za Juu Kusini, rosekoko lenye madoa, Kigoma, Mbeya. Ya kituoni yanaangalia mahali na mwaka. Lyamungu 85 na Lyamungu 90 zilipewa jina la kituo cha Lyamungu kule Hai na miaka ya 1985 na 1990. Selian 94 na Selian 97 zilitoka hapa hapa mlimani, kituo cha Selian, magharibi mwa jiji. Kisha kuna Jesca, jina la mtu, nalo limeshika sokoni kuliko mengi yenye namba. Sishangai. Namba haina kisanduku katika chemshabongo, na haikai mdomoni. Mama anayeuza kwa sado hasemi "chukua Selian tisini na saba". Anasema mekundu yale makubwa, na mnunuzi anajua. Watafiti wetu wanafanya kazi ya miaka mingi kupata mbegu inayostahimili magonjwa na inayoiva mapema. Nawaomba, wakifika mwisho, wamwite mama huyo kabla ya kuandika jina.

Anajua yale ambayo fasili inayahitaji. Niliwahi kumuuliza mmoja pale Tengeru, siku ya Jumamosi, soko limefurika. "Shikamoo mama, hili na hili yana tofauti gani?" "Marahaba mwanangu. Hili linaiva upesi na mchuzi wake ni mzito. Hili lina gesi, usiwape watoto usiku. Na hili usichanganye na mahindi, litavurugika kabla mahindi hayajaiva." Alikuwa akichambua kwenye ungo wakati wote huo, vidole vikiondoa yaliyotobolewa na wadudu bila yeye kuangalia. Katika sentensi tatu alinipa muda wa kuiva, uzito wa mchuzi, athari ya tumboni na kufaa kwa makande. Hakuna kamusi yetu iliyonipa hata mawili ya hayo kwa pamoja.

Kwa upande wa pili, jiji hili lina hazina nyingine ambayo wengi hupita barabarani bila kujua ipo. Ngaramtoni, katika iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, ambayo sasa ni mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kuna hebaria ya taifa. Humo mimea imekaushwa, imebandikwa kwenye karatasi ngumu, na kila karatasi ina lebo. Karibu nayo kuna benki ya mbegu inayotunza mbegu za mazao ya nchi hii. Nataka msikie lebo ya hebaria inabeba nini, kwa sababu ni shule kwa mtunga kamusi. Hubeba jina la kisayansi, mahali ulipochumwa, urefu wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari, aina ya mazingira, tarehe na jina la mchumaji. Hubeba pia yale ambayo karatasi haiwezi kuyatunza: rangi ya ua likiwa bichi, harufu, urefu wa mmea, na, mchumaji akiwa mwangalifu, jina la wenyeji na lugha ya jina hilo. Mchumaji huandika hayo akijua kwamba ua litakauka na kufifia. Yaani anaandika kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Sijui maelezo bora zaidi ya kazi ya fasili.

Urefu wa mahali nao si jambo dogo katika nchi ya Meru. Mlima una zaidi ya mita 4,500. Upande wa kusini na mashariki kuna mvua, migomba na kahawa. Ukizunguka kwenda Oldonyo Sambu na Ngare Nanyuki umeingia kwenye ukavu. Mwendo wa saa chache hukupitisha katika mimea ambayo kwingineko ingetaka safari ya siku nzima. Kila ukanda una majina yake kwa lugha tatu au nne. Neno "mmea wa nchi za baridi" halimtoshi mtu anayeishi kwenye mteremko kama huu. Atauliza, baridi ya juu ya kijiji gani?

Ninachopendekeza ni kidogo na kinaweza kuanza mwezi huu. Walimu wa Kiswahili wa jiji na wa Arumeru wakae na bwana shamba mmoja, na muuza nafaka mmoja, na mpishi mmoja, wachukue mmea mmoja kwa wiki. Waandike fasili. Kisha waigeuze kuwa kidokezo na kuwapa wanafunzi ambao hawakuwepo. Wanafunzi wakitoa majibu mawili, fasili irudi mezani. Wakitoa moja, iandikwe safi na kutunzwa. BAKITA na wenzao wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili kule Dar es Salaam wakija siku moja kusahihisha kamusi, wakute daftari limejaa.

Waanze na mboga kama mikunde imewachosha. Tengeru kuna kituo cha kimataifa cha mboga kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimeshughulika kwa miaka mingi na mbegu za mchicha, nyanya chungu, mgagani na mnafu, mboga tulizokuwa tukiziita za maskini. Mnafu wenyewe utawapa kazi. Kamusi huandika mnavu. Arusha tunasema mnafu. Katika jedwali mtakalopewa mlangoni, neno la kumi na nne la kusimama ni hilo: "Mboga chungu kiasi, maua meupe madogo, matunda meusi yakiiva." Herufi tano. Kile kisanduku chenye ubishi nimekiacha bila kukatizwa na neno lolote la kulala, ili mwenye F na mwenye V wote wafike mwisho. Karatasi zirudishwe kwa katibu. Na mwenye jina la mmea wa kwao ambalo sikulitaja aliandike nyuma ya karatasi, pamoja na jina la kijiji na lugha inayouita hivyo.